Ukokotoaji wa Kazi ya Kuongeza Mwendokasi wa Gari Lililo Katika Mwendo: Mfano wa Lori la Mizigo katika Barabara ya Isaka–Kahama–Lusahunga

Makala haya yanafafanua ukokotoaji wa kazi inayofanyika gari lililo katika mwendo linapoongezewa mwendokasi. Mfano uliotumika ni lori la mizigo katika barabara inayotoka Isaka, mkoani Shinyanga, kupitia Kahama hadi Masumbwe na Ushirombo, mkoani Geita. Ukomo wa uzito wa gari na mzigo wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56. Nchini Tanzania, ukomo wa mwendokasi wa magari makubwa ni kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 katika maeneo ya makazi.

Kwa mujibu wa kanuni ya kazi na nishati, kazi ya kani tokeo ni sawa na badiliko la nishati mwendo:

K = ½m(v₂² − v₁²)

Lori la kilogramu 56,000 linapoondoka eneo la makazi na kuongeza mwendokasi kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, yaani kutoka mita 13.89 hadi 22.22 kwa sekunde:

K = ½ × 56,000 × (493.8 − 192.9) ≈ megajuli 8.4

Kosa linalotokea kwa urahisi ni kutoa mwendokasi kwanza, kisha kutafuta kipeo cha pili cha tofauti. Njia hiyo hutoa megajuli 1.9 tu, ambayo ni kazi ya kulitoa lori katika hali ya kusimama hadi kilomita 30 kwa saa. Nyongeza ni ileile, lakini kazi hutofautiana kwa zaidi ya mara nne. Sababu ni kwamba kazi ni kani mara umbali. Kwa mchapuko uleule, kani na muda havibadiliki, bali lori lenye wastani wa kilomita 65 kwa saa hupita umbali mkubwa kuliko lenye wastani wa kilomita 15.

Kazi ya injini huzidi kiasi hicho, kwa kuwa hushinda pia ukinzani wa hewa, msuguano na miinuko.

Lori linapokaribia makazi mengine, megajuli hizo 8.4 hulazimika kuondolewa, sehemu kubwa ikigeuzwa joto na breki. Kwa kani ileile ya breki, umbali wa kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa ni mara 2.56 ya ule wa kutoka kilomita 50. Hivyo, kosa la ukokotoaji hupunguza, katika makadirio, hatari inayomkabili mtu anayevuka barabara.