Migodi ya Lualaba: wastani wa kasi ya mtandao haumlindi mfanyakazi

Katika viwanda vya kisasa vya shaba na kobalti, amri ya kusimamisha mashine haina tena lazima ya kupita kwenye waya wake peke yake. Inaweza kusafiri ndani ya mtandao uleule unaobeba picha za kamera, vipimo vya pampu na ripoti za ofisi. Kwa jimbo la Lualaba, ambako kuna familia zenye ndugu mgodini kutoka Kolwezi hadi Musumba, swali ni moja: siku mambo yakiharibika kabisa, amri hiyo itachelewa kwa muda gani?

Jibu linagusa uhai wa mtu. Mkanda unaobeba mawe ukienda mita 4 kwa sekunde, kuchelewa nusu sekunde ni mita 2 zaidi, kabla hata breki hazijaanza kushika. Kwa mtu aliyenaswa mkono, mita 2 ni nyingi mno.

Mtandao uliozaliwa ofisini

Mitandao mingi ya viwandani leo inatumia Etheneti, iliyobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika kampuni ya Xerox huko California. Mwanzoni kompyuta zote zilitumia waya mmoja. Mbili zikisema pamoja, ujumbe uligongana, na kila moja ilisubiri muda wa kubahatisha kisha ikajaribu tena. Kwa barua za ofisi hilo halikuwa tatizo. Kwa mashine nzito, hakuna aliyeweza kuahidi ujumbe utafika lini.

Siku hizi kila mashine ina waya wake hadi kwenye swichi, kifaa kinachopokea ujumbe na kuuelekeza unakokwenda. Migongano imekwisha, lakini kusubiri hakujaisha. Kumehamia kwenye foleni iliyo ndani ya swichi.

Kama foleni ya Kasumbalesa

Dereva anayepeleka shaba kutoka Kolwezi, kupitia Likasi na Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa anaijua hali hiyo. Kumwambia kwamba malori huvuka kwa siku kadhaa kwa wastani hakumsaidii akikuta mamia ya malori mbele yake. Anataka kujua siku mbaya kabisa ikoje.

Ndani ya swichi hesabu ni ileile, ila muda ni mdogo sana. Kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde, pakiti kubwa kabisa ya kawaida inashika njia kwa mikrosekunde 123 hivi. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tuseme amri ya dharura inapita swichi 5, na katika kila moja inakuta pakiti 10 kubwa za kamera mbele yake. Itasubiri zaidi ya milisekunde 6. Zikiwa pakiti 200, itasubiri milisekunde 123. Na swichi ikijaa, pakiti inatupwa na amri haifiki kabisa.

Milisekunde 6 zinaonekana si kitu. Lakini katika vituo vya umeme, kiwango cha kimataifa cha IEC 61850 kinataka amri za haraka kabisa za kukata umeme zifike ndani ya milisekunde 3. Jambo hilo si geni Kolwezi, mji unaopokea umeme wa Inga kwa laini ya kilomita zipatazo 1,700 iliyoanza kazi mwaka 1982.

Kupima hakutoshi

Fundi anaweza kupima mtandao wiki nzima na kuona kila kitu kiko sawa. Siku umeme unakatika kisha unarudi, mashine zote zinaamka na kutuma ujumbe kwa pamoja. Siku hiyo haikuwemo kwenye vipimo vyake.

Ndiyo maana wahandisi wanahesabu badala ya kungoja. Mwaka 1991 mtafiti Rene Cruz alichapisha Marekani makala mbili zilizoonyesha njia. Kwa kila mashine, weka mipaka miwili: mzigo mkubwa kabisa inaoweza kutuma kwa mkupuo, na kiasi inachoruhusiwa kutuma kila sekunde. Kwa kila swichi, andika kazi ambayo lazima iifanye hata siku mbaya. Mzigo unaoingia usipozidi uwezo wa swichi, foleni haiwezi kupita urefu fulani, na urefu huo unahesabika. Njia hiyo ilitumika kuthibitisha mtandao wa ndani wa ndege ya Airbus A380, iliyopaa mara ya kwanza mwaka 2005.

Hesabu hiyo pia inaonyesha dawa. Amri ya dharura ikipewa kipaumbele, kama gari la wagonjwa barabarani, inasubiri tu pakiti moja iliyokwisha kuanza kupita. Kwa swichi 5 zilezile, kungoja kunashuka chini ya milisekunde 1, bila kuhesabu muda wa kazi wa swichi zenyewe na amri nyingine za dharura. Kamera nazo ziwekewe kikomo.

Saa ya usalama

Mifumo mingi ya usalama ina saa: ujumbe usipofika kwa wakati, mashine inajisimamisha. Saa hiyo ikiwekwa fupi mno, mkanda unasimama ovyo na uzalishaji unapotea, hadi mtu anashawishika kuizima. Ikiwekwa ndefu mno, hatari inaendelea huku mashine ikizunguka. Anayejua ucheleweshaji mkubwa kabisa ndiye pekee anayeweza kuiweka sawa bila kubahatisha.

Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka kazi za ukandarasi mdogo mikononi mwa kampuni zenye mtaji ulio zaidi wa Wakongomani. Hivyo, kampuni inayovuta nyaya na kufunga swichi mgodini inaweza kuwa ya hapa nchini, na hesabu hii haihitaji mashine ya bei kubwa: orodha ya vifaa vyote, mipaka yake, na mtu aliyefundishwa.

Kabla ya kupokea kazi hiyo, mwenye mgodi na wajumbe wa wafanyakazi wana haki ya kuuliza namba moja tu iliyoandikwa na kutiwa sahihi: amri ya kusimamisha itachelewa kwa muda gani, siku mbaya kuliko zote? Mkandarasi akijibu kwa wastani, bado hajajibu.