Goti likivunjika, usikubali kukandwa

UKITAKA kujua pikipiki ina maana gani kwa vijana wa Moiben, simama kando ya barabara ya kuelekea Eldoret msimu wa kuvuna mahindi. Zinapita na magunia, mitungi ya maziwa, wanafunzi watatu kwa mpigo. Kwa wengi hiyo ndiyo kazi, ndiyo usafiri, ndiyo karo ya mdogo wako. Lakini ajali ikitokea, mara nyingi goti ndilo hutangulia kugongwa.

Tuseme ni wewe. Ni jioni, mvua imetoka kunyesha, na gari linachomoka kwenye njia ya shambani bila taa. Bampa inakupiga ubavuni mwa goti. Unajaribu kusimama, mguu unakataa. Dakika chache baadaye goti limefura kama boga. Watu wanakusanyika, na kabla yeyote hajapiga simu, sauti moja inasema: "Mpelekeni kwa yule mzee anayekanda, wiki mbili tu atakuwa anatembea."

Mzee huyo huenda ana nia njema, na huenda amewasaidia wengi walioteguka. Ila goti lililovunjika ni mambo mengine kabisa.

Kwa nini goti ni tofauti

Muundi ukivunjika katikati, unaweza kuunga ukiwa umepinda kidogo na maisha yakaendelea. Goti ni kiungo. Hapo mfupa wa paja unakalia kichwa cha muundi, pia ya goti ikiwa mbele, na sehemu zinazosuguana zimefunikwa kwa gegedu laini. Kishindo kikiwa kikubwa, ncha ya mfupa wa paja hugonga kichwa cha muundi kama nyundo, nacho kikapasuka na kudidimia.

Mfupa ukiunga hivyo hivyo, ni kama kuendesha nduthi yenye rimu iliyopinda. Itasonga, lakini kila kilomita inakula tairi. Gegedu inalika, na maumivu ya viungo ambayo ungeyategemea uzeeni yanakupata ukiwa bado kijana.

Kuna hatari kubwa zaidi. Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Ukikatika au ukibanwa, madaktari huwa na takriban saa 6 za kuurekebisha kabla misuli haijaanza kufa. Zikipita, mguu wenyewe unaweza kukatwa. Kukanda wakati huo ni kuchezea vipande vya mfupa vyenye ncha kali kando ya mshipa huo.

Kwa hivyo angalia unyayo. Ukiwa baridi, umepauka, vidole havihisi, au maumivu yanazidi hata mguu ukiwa umetulia, hiyo ni dharura. Usiuvute mguu kuunyoosha. Ufunge kwa ubao au katoni ngumu kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, funika kidonda kwa kitambaa safi, kisha tafuta gari. Kumkalisha majeruhi katikati ya watu wawili kwenye boda, mguu ukining'inia, ni kumuumiza mara ya pili.

Hospitalini

Kwa watu wa Moiben, kesi ngumu za mifupa huishia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) mjini Eldoret, iliyoanza kama hospitali ndogo mnamo 1917. Picha ya eksirei, na wakati mwingine ya CT, huonyesha uharibifu ulivyo. Si kila mtu hupasuliwa. Kama mfupa haujahama na sakafu ya kiungo iko sawa, plasta inaweza kutosha.

Kama umehama, kunahitajika upasuaji. Hapa ndipo familia nyingi hukasirika: mgonjwa amefika Jumatatu, wiki imeisha, hajaingia thieta. Mara nyingine kuchelewa huko ndiyo matibabu. Ngozi ya goti ni nyembamba, na ikichanwa ikiwa imefura inaweza kukataa kufunga, vijidudu vikaingia hadi kwenye mfupa. Daktari anaweza kuutuliza mguu kwa vyuma vya nje, kisha akasubiri siku kadhaa, hata wiki mbili, hadi ngozi ianze kukunjamana tena. Lakini mfupa ukiwa umetoboa ngozi au mshipa ukiwa umeumia, hakuna kusubiri.

Thieta, daktari huinua sehemu iliyodidimia, hujaza pengo kwa mfupa uliochukuliwa nyongani au kitu mbadala, kisha hushikilia kila kitu kwa bamba la chuma na skrubu. Pia ya goti iliyokatika vipande viwili mara nyingi hufungwa kwa nyaya. Vyuma hivyo vinaweza kubaki mwilini maisha yote visipokusumbua.

Kazi inayobaki ni yako

Chuma hushikilia mfupa tu; kuunga ni kazi ya mwili. Mara nyingi utatembea kwa magongo wiki 6 hadi 12 bila kuukanyagia mguu huo. Wakati huo huo utaambiwa ulikunje goti kila siku, hata likiuma, kwa sababu goti lisilokunjwa huganda. Ukikanyaga mapema, vyuma hulegea. Ukiogopa mazoezi, utapona na mguu kama mti. Na sigara iache, inachelewesha mfupa kuunga.

Hiyo ni miezi mitatu au zaidi bila kubeba abiria. Ndiyo maana mipango huanza kabla ya ajali. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) na ulipe mchango wako. Kiwango cha chini kwa asiye na mshahara ni Sh300 kwa mwezi, ukilipa ya mwaka mzima. Kama mko na chama cha steji, wekeni akiba ya majeruhi, kwa sababu matibabu yakilipwa bado kuna nauli ya kliniki na chakula cha nyumbani.

Na siku mwenzako akianguka pale barabarani, watu wakaanza kutaja mkandaji, wewe uliza mambo mawili tu: ubao uko wapi, na nani ana gari?