Tumbo Inakusumbua na Unauliza Simu? Cheki Haya Kabla Uipee Siri Zako

Omera, hebu tuongee ukweli. Tumbo imekukata siku nne mfululizo. Uko Kisian, mfuko ni msoto, na kwenda hosi ni kupanga laini asubuhi nzima. Kumwambia mathe kwamba choo iko na damu? Zii. Kuambia maboyz? Watakucheka hadi Krismasi. So unafanya kile kila mtu wa rika yetu hufanya: unashika simu, unatafuta "tumbo kuuma", unapakua apu ya kwanza yenye nyota mob.

Hakuna mtu anakulaumu. Simu haikucheki na haikuitishi doo ya kadi. Lakini kabla ianze kukuuliza maswali, wewe iulize mawili. Moja, inajua tumbo za huku kwetu? Mbili, hizi siri zangu inazipeleka wapi?

Apu haijui ulikanyaga ziwa

Apu mingi za tumbo zimeundwa na watu wa mbali, na wagonjwa wa huko ndio walikuwa kwa akili yao. Itakuuliza kama maziwa hukusumbua, kama ulikula mkate wa ngano, kama uko na stresi. Maswali poa, kama unaishi London. Lakini imekuuliza kama uliogelea ziwani? Kama unaosha boda kwa maji ya ufuoni, ama unasaidia buda yako kuvuta nyavu na kuchota mchanga?

Hilo swali linaweza kubadilisha stori yote. Tunaongelea kichocho, ile wasee huita bilhazia. Kidudu chake hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi, kinapenya ngozi yako ukiwa majini, na huwezi notice. Watu wengi wanajua kichocho ni kukojoa damu, na kwa Pwani ni hivyo kabisa, huko kinapenda kibofu. Lakini aina ya Ziwa Victoria inapenda matumbo na ini. Dalili ni tumbo kuuma, kuhara, damu kwa choo. Ikikaa miaka bila dawa, ini inavimba.

Na usidhani hii ni stori ya vitabu. Hapo Kisian kwenyewe, kwa barabara ya Busia, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI. Mwaka 2002, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Diana Karanja wa KEMRI, kuhusu kichocho kwa wanaume wanaoosha magari ziwani Kisumu. Wasee wa kazi kama yako na yangu, wanasimama kwa maji kila siku kutafuta unga.

Sasa fikiria apu ikwambie, "Tumbo lako ni nyepesi, acha maziwa na upunguze stresi." Unafuata hiyo fom miezi sita, na mayai ya kidudu yanaendelea kuumiza ini pole pole. Kuyapata hakuhitaji mambo makubwa: choo yako kwa kikopo, hadubini, na mtu wa maabara anayejua kazi. Dawa inaitwa praziquantel, na dosi hupimwa kulingana na uzito wako. Hakuna apu inaweza kuona yai kwa choo kwa kukuuliza maswali kumi.

Ni hivyo hivyo na vidonda vya tumbo. Kuna bakteria inaitwa H. pylori, na inapimwa. Kuna pia zile tembe za maumivu unameza bila kula, kama brufen na diclofenac, zinachubua tumbo polepole. Apu ikikupatia jina la ugonjwa bila kuuliza ni dawa gani unameza, hiyo ni kubahatisha.

Nyota tano nazo zisikudanganye. Watu hutoa nyota juu apu ni rahisi na inakaa vizuri, si juu imepimwa ikapatikana inasema ukweli. Jaribu hivi: iambie uongo kidogo. Andika choo yako ni nyeusi kama lami, unatapika damu, unakonda bila sababu na chakula inakwama kooni. Jibu sahihi ni moja tu, kimbia hosi. Kama inakuambia ukunywe maji ya tangawizi, itoe kwa simu.

Siri za choo nazo ni biashara

Hapa ndio noma iko. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walichapisha kwa jarida la BMJ matokeo ya kukagua apu za afya zaidi ya 20,000 kwa Google Play. Asilimia 88 zilikuwa zimeundwa kwa njia inayoweza kukusanya data ya mtumiaji. Asilimia 28 hazikuwa hata na maandishi ya kueleza zinafanyia nini hiyo data.

Na haiishii kwa kukusanya. Mwaka 2023 huko Marekani, kampuni ya GoodRx, inayosaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5. Serikali ilisema ilipeleka habari za afya za wateja kwa Facebook, Google na wengine wa matangazo bila kuwaambia wateja.

Unasema hiyo ni ya Marekani? Kumbuka apu za mkopo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Kenya iliipiga Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia meseji na simu za vitisho. Ile mlango ya namba za watu unafungulia apu ya mkopo ndiyo apu ya tumbo inaweza kuomba. Tofauti ni kwamba hii ya pili inajua pia uko na damu kwa choo.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya kwa kundi la data nyeti. Uko na haki ya kuambiwa zinatumika aje, kuziona, kuzirekebisha na kuitisha zifutwe. Ulikubali jana? Leo unaweza kukataa.

Fanya hivi leo

Ingia kwa mipangilio ya simu, fungua apu yako ya afya, uangalie ruhusa. Apu ya tumbo inataka namba za marafiki zako za nini? Zima. Inataka kujua mahali uko saa zote? Zima. Usiipee jina lako la kitambulisho kama lakabu inatosha, na usiwahi tuma picha ya majibu ya maabara yenye jina na namba yako.

Ukitaka kuiacha, usiifute tu. Kufuta kunatoa apu kwa simu yako, lakini data yako inabaki kwa kompyuta zao. Futa akaunti kwanza, itisha data ifutwe, ndio utoe apu. Wakikuletea jeuri, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo ama kwa maandishi. Sheria inasema uchunguzi umalizwe ndani ya siku 90.

Si lazima uchome apu zote. Itumie kuandika ni siku gani tumbo iliuma, ulikula nini, ulimeza dawa gani, uliingia ziwa lini. Halafu beba hiyo rekodi uonyeshe mtu wa hosi, na umwambie kuhusu damu bila aibu. Ameona mob kuliko hiyo, na hawezi kukucheka.

Simu iwe daftari, omera. Isiwe daktari.