Jiwe, Gia na Breki ya Mkono

Kwenye barabara zinazopanda Mlima Elgon, iwe ni kutoka Kimilili kwenda Kapsokwony au kutoka Kamukuywa kupitia Kaptama, utamwona utingo akiruka chini na jiwe mkononi kabla dereva hajazima injini. Jiwe likishakaa vizuri nyuma ya tairi, ndipo dereva anapoinua mguu kwenye breki. Abiria mgeni hudhani gari ni bovu. Huenda ni bovu kweli, lakini hata gari zima linalihitaji jiwe hilo, kwa sababu kuna hali ambayo breki ya mkono na gia hushindwa zote mbili kwa mpigo.

Tuanze na uzito. Chukua mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10. Gari lenye kilo 2,500 pamoja na mzigo likisimama hapo, huvutwa kuteremka kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 250. Ni kama magunia 5 ya viazi, kila moja la kilo 50, yanalivuta gari hilo kutoka nyuma mchana kutwa bila kuchoka.

Katika magari mengi madogo, breki ya mkono ni waya tu. Ukiivuta, waya unazibana shuu kwenye dramu za magurudumu mawili ya nyuma, kila gurudumu peke yake. Haitegemei mafuta ya breki, na huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba waya hulegea na shuu huliwa polepole, na mwenye gari halisikii badiliko lolote mpaka siku atakapoegesha mlimani. Ukiona siku hizi unaivuta breki ya mkono juu kuliko ulivyozoea ndipo ishike, peleka gari kwa fundi wiki hii.

Gia huzuia kwa namna nyingine kabisa. Injini iliyozimwa haijafungwa na chochote. Gari likitaka kuteremka, magurudumu huisukuma injini izunguke, pistoni zikabana hewa ndani ya silinda, na mbano huo ndio unaokataa. Hewa hiyo huvuja polepole, kwa hiyo gari lililoachwa kwenye gia peke yake linaweza kujongea kidogo, likatulia, likajongea tena. Gia ya kwanza na ya rivasi ndizo zenye nguvu, kwa kuwa injini hulazimika kuzunguka zaidi ya mara 10 gurudumu linapozunguka mara 1. Gia ya nne haifikii hata nusu ya hapo. Ukiwa umeelekea juu, tia gia ya kwanza. Ukiwa umeelekea chini, tia rivasi. Hivyo gari likiponyoka, injini itazungushwa kinyumenyume na haiwezi kuwaka. Gari lililoelekea chini likiwa kwenye gia ya kwanza, na ufunguo umeachwa wazi, linaweza kujiwasha lenyewe, vilevile tunavyowasha kwa kusukuma betri ikifa.

Namna ya kuegesha ina mpangilio wake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Shika breki ya mguu. Vuta breki ya mkono ukiwa nyutro, kisha inua mguu taratibu uone kama gari limeshika. Likishika, kanyaga tena breki, tia gia, zima injini, halafu achia klachi. Ukitia gia kwanza na kuachia kila kitu, uzito wote unaangukia kwenye meno ya gia na hutajua kwamba breki ya mkono haifanyi kazi. Unapoondoka ni kinyume chake: mguu kwenye breki na klachi kwanza, kisha washa. Dereva anayegeuza ufunguo akiwa amesimama nje ya dirisha, gari likiwa kwenye gia, hulirusha mbele kwa nguvu ya stata, na huwezi kujua nani yuko mbele yake.

Sasa tulirudie lile jiwe. Land Rover za zamani, ambazo bado zinapandisha watu Elgon na kuteremsha viazi hadi soko la Chwele, hazina breki ya mkono kwenye magurudumu. Zina dramu moja tu, nyuma ya gia, inayoibana shafti inayokwenda kwenye ekseli ya nyuma. Fuso Canter nyingi nazo ziko hivyo. Gia pia huishika shafti hiyohiyo. Dereva anaamini ana vizuizi viwili, kumbe vyote viwili vinapitia difu moja.

Na difu iliundwa ili gurudumu moja liweze kuzunguka tofauti na mwenzake, la sivyo gari lisingekata kona. Fikiria pancha njiani Kapsokwony. Breki ya mkono imevutwa, gia imetiwa, jeki inainua gurudumu la nyuma la kushoto. Punde tu tairi linapoachana na ardhi, hakuna tena kinachoizuia difu: lililo hewani linazunguka upande mmoja, la kulia linazunguka upande wa pili, shafti imetulia tuli, na gari linateremka likimwacha fundi chini yake. Hakuna kilichoharibika. Gari limefanya jinsi lilivyotengenezwa. Land Rover ikitiwa magurudumu manne, au difu ya kati ikifungwa kwa zile zilizo nayo, ekseli ya mbele husaidia kushika, lakini mimi nisingemruhusu mtu yeyote aweke jeki bila mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini.

Tope hufanya kazi ileile ya jeki, ila kimyakimya. Mvua ndefu, Machi hadi Mei, tairi moja likikalia udongo mwekundu unaoteleza na jingine likawa kwenye changarawe, difu hushika kwa kadiri ya lile linaloteleza. Gari la Probox linaloendeshwa na magurudumu ya mbele lina nafuu hapa: gia inashika mbele, breki ya mkono inashika nyuma, njia mbili zisizokutana.

Kuna jambo la joto pia. Magari yenye diski nyuma, yakitoka kuteremka mlima mrefu kwa breki, huegeshwa diski zikiwa moto. Chuma kikipoa husinyaa, na pedi zilizokuwa zimebana zinaweza kulegea baada ya muda, dereva akiwa keshaingia hotelini kunywa chai. Vuta breki ya mkono kwa nguvu zaidi, tia gia, na urudi kuiangalia.

Magurudumu ya mbele yasiachwe yamenyooka. Kwa kuwa tunaegesha kushoto, kwenye barabara isiyo na ukingo wa saruji, na huku nyingi ziko hivyo, kata usukani kushoto, uwe umeelekea juu au chini. Gari likiponyoka litaingia kando badala ya katikati ya barabara. Penye ukingo, kama mjini Kitale, ukiwa umeelekea juu kata kulia, ili tairi lirudi nyuma na kuegemea ukingo. Kama kushoto kwako ni gema na si ukuta wa udongo, usiegeshe hapo. Sogea.

Mawe yenyewe yasiwe ya mviringo, na yawe mawili, moja kila upande, yakigusa tairi kabisa. Utingo ayaweke akiwa ubavuni mwa gari, asisimame upande linakoweza kuteremkia. Lakini heri kabari ya mbao. Seremala yeyote Bungoma atakuchongea mbili kutoka kipande cha mkaratusi, kisha toboa tundu na ufunge kamba ndefu kwenye bodi. Dereva akiondoka, kabari inavutwa na kupakiwa, na mwendesha bodaboda anayepita hapo usiku hatakutana na jiwe katikati ya njia.