Ile 8GB ya kwenye boksi la simu huenda ni 4 tu

Bujumbura. Mfanyabiashara anayevuka Gatumba kwenda Uvira, au anayepitia Kobero kuingia Tanzania, siku hizi hutembea na duka lake mfukoni. Bei ya mzigo huiuliza kwa WhatsApp, malipo huyapokea kwa Lumicash au EcoCash. Simu ikikwama, biashara nayo imekwama. Ndiyo maana maandishi ya boksi yanafaa kusomwa kwa makini kama karatasi za forodha.

Yanayowachanganya wengi ni ya RAM. RAM ni kama meza ya muuzaji sokoni: ikiwa pana, bidhaa nyingi hupangwa kwa pamoja, ikiwa finyu, kila kinachowekwa kinakiondoa kingine. Nafasi ya kuhifadhi, ile ya 64GB au 128GB, ni stoo ya nyuma. Sasa, kwenye simu nyingi za bei nafuu, zikiwemo Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, boksi huweza kuandikwa 8GB kwa tarakimu kubwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, 4+4. Maana yake meza halisi ni 4. Zile 4 nyingine zimekopwa stoo. Kampuni haijaficha, imeandika. Ila stoo ni nzito kuliko meza, na kilichokopwa humo kinapunguza nafasi ya picha na video. Anayelipa bei ya 8 kamili ameliwa.

Megapikseli za kamera zisimsumbue mtu sana. Apige picha ya maandishi madogo palepale dukani, aikuze, aone kama yanasomeka.

Ukaguzi hufanyika kabla ya faranga kutoka mkononi, iwe Buyenzi au Bwiza. Mnunuzi awashe simu, aingie Mipangilio, kisha Kuhusu simu, atafute RAM. Ikiwa simu imewekwa Kifaransa na hakijui, muuzaji abadilishe lugha. Lakini simu bandia huweza kudanganya hata hapo, kwa hiyo abonyeze pia *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na lazima ifanane na ya kwenye boksi.

Kwa anayekwenda Kigoma hilo si jambo dogo. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilizifungia simu bandia; Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Mwenye laini ya Tanzania anaweza kutuma IMEI kwenda 15090 na kujibiwa kama simu ni halali.

Simu iliyotumika kutoka ng'ambo ina shida nyingine: huenda imefungwa kwa mtandao wa huko, au haishiki masafa ya 4G ya hapa. Mnunuzi aweke laini yake mwenyewe, asubiri alama ya 4G, kisha apige simu moja kabla ya kulipa.