Jina Moja, Wapelelezi Wangapi?

Mwezi Aprili 1965 kundi dogo la wapiganaji Wakuba lilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kutua Kibamba, upande wa Kongo. Walipewa hesabu za Kiswahili kuwa majina yao. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Tatu akawa kiongozi mwenyewe, Che Guevara, aliyewekwa nyuma ya wawili ili asitambulike upesi. Mbili aliuawa Bolivia mwaka 1967, na huko walimwita Ricardo. Katika kazi ya siri, mtu mmoja huvaa majina mengi na kuyavua.

Wapenzi wa hadithi za kijasusi wameigeuza kanuni hiyo. Wanamtazama James Bond akibadilika sura toka mwigizaji Sean Connery hadi Daniel Craig, miaka inapita naye hazeeki, wanasema: James Bond si mtu, ni jina la kazi, akiondoka huyu anakabidhiwa yule. Wengine wanavuka kabisa mpaka wa sayansi bunilishi na kumhesabu miongoni mwa jamaa za Doctor Who, shujaa wa televisheni ambaye tangu mwaka 1966 hubadilika mwili kila mwigizaji mpya anapoingia.

Dhana hiyo ni tamu, lakini kuna kaburi linaloipinga. Mwaka 1969 Bond wa George Lazenby alioa, na mkewe akauawa siku ileile ya harusi. Mwaka 1981 Bond wa Roger Moore anaonekana akiweka maua kwenye kaburi la mwanamke huyo. Namba yake ya kazi, 007, inaweza kurithiwa, na katika filamu ya mwaka 2021 kweli imerithiwa. Ujane haurithiwi.

Sasa tuwapime wa kwetu. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, aliingia uwanjani na Kufa na Kupona mwaka 1974, na bado alikuwa kazini katika Uchu, mwaka 2000. Miaka 26 ya risasi na safari, na nguvu ni zilezile! Msomaji akidai kwamba huyu ni Willy wa pili au wa tatu, simcheki, kwa sababu Willy ana ofisi, na ofisini yupo Chifu anayemtuma. Penye ofisi jina linaweza kutunzwa kama faili na kukabidhiwa kijana mwingine.

Joram Kiango wa Ben Mtobwa hana Chifu. Ni mpelelezi wa kujitegemea, na polisi humtafuta pale wanaposhindwa. Ni nani basi angempa jina la kificho, na angelirudisha kwa nani? Ndiyo maana namwona Joram kuwa mtu zaidi kuliko Willy: akifa, jina linakwenda naye.  

Na wa kwetu wakivuka nao mpaka wa sayansi bunilishi, waende angani? Chombo tunacho. Katika Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani, anakimudu chombo na kutua kwenye sayari yenye jamii ya haki. Mkangi mwenyewe aliwahi kufungwa na serikali ya Kenya bila kushtakiwa, hivyo kiti cha chombo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayegombana na dola. Willy, mtumishi mwaminifu, hana sababu ya kukikalia. Angetumwa kukizuia kisiruke. Joram angeingia. Angetaka kwanza kujua ni nani aliyetia saini hukumu ya Dzombo, na upelelezi huo ungemlazimu kurudi duniani, jambo ambalo Dzombo naye alilifanya.