Mabonge ya Slesi Hayaondolewi kwa Nguvu

Mtengenezaji mdogo wa sabuni ya maji huko Mutuka, mjini Babati, akikuta mabonge kwenye ndoo, lawama ya kwanza humwendea muuza kemikali: kauza feki slesi (SLES), kiungo cha sabuni kinachosafisha na kutoa povu. Nadhani mara nyingi tunamwonea. Chanzo ni mpangilio wa kuchanganya. Slesi nzito ya dukani huwa na takriban asilimia 70 ya kiungo chenyewe; sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Katika uzito huo molekuli hujipanga kwa matabaka bapa yanayoteleza, ndiyo maana slesi bado humiminika. Ajabu ni kwamba ukiipunguza kwa maji, kwanza inakaza. Kati ya asilimia 60 na 30 hivi, molekuli hujikusanya kuwa vijiti virefu vilivyobanana, na hapo huzaliwa jeli ngumu kuliko ile slesi ya mwanzo. Ikishuka chini ya asilimia 28 hivi, vijiti huachana na mchanganyiko kulainika.

Kwa hiyo anayemimina maji juu ya slesi anaipitisha ndoo nzima kwenye eneo hilo la jeli. Anayetia slesi kidogo kidogo kwenye maji mengi analivuka upesi, maana kila kipande kimezungukwa na maji ya kutosha. Akitupia donge kubwa, ngozi ya nje hugeuka jeli na kuyazuia maji yasiingie, kama bonge la uji lenye unga mkavu ndani. Kukoroga kwa nguvu huongeza povu tu. Maji ya vuguvugu husaidia kweli, lakini hayalifuti eneo la jeli. Afadhali kukoroga polepole na kuacha ndoo usiku kucha.

Wapo watakaopinga: wengi husaga slesi na chumvi mpaka iwe nyeupe, kisha huongeza maji kidogo kidogo, na sabuni yao ni nzuri. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Njia yao inafaulu kwa sababu kila tone la maji linasambazwa sawasawa kabla ya jingine. Jeli wanaipita kwa nguvu ya mkono, jambo linalowezekana kwa lita 20 lakini si kwa pipa. Kwa pipa, chumvi ibaki ya mwisho. Hupunguza msukumano wa vichwa, mafungu ya molekuli yakarefuka na kusokotana, sabuni ikawa nzito. Ikitangulia, mabonge hunaswa ndani ya uzito huo. Ikizidi, sabuni hurudi kuwa nyepesi, na kuongeza chumvi nyingine hakutaiokoa.